Wauzaji wa Programu Hawamsikii Mtu Mmoja

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo wa kompyuta ulioingia sokoni Julai 2015. Kompyuta zinazoutumia hazikuzimika siku hiyo. Ziliendelea kuwaka, lakini zilikoma kupata marekebisho ya usalama, isipokuwa zile zilizoandikishwa katika mpango maalumu wa muda wa nyongeza. Anayetaka kuhamia Windows 11 huambiwa kwamba kompyuta yake sharti iwe na kifaa fulani cha usalama ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Kwa ufupi, mashine nzima, isiyo na ugonjwa wowote, imehukumiwa kuwa takataka na mtu aliye mbali ambaye hakuinunua yeye.

Jambo hili limetufikia hapa Kigali. Katika ofisi za vyama vya wafanyakazi na vyama vya kuweka na kukopa, kuanzia Nyabugogo hadi Remera, kompyuta si chache zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo. Njia ya kuziokoa ipo, na jina lake ni Linux. Lakini kila tunapotaka kuifuata tunakuta lango limefungwa, na aliyelifunga ni muuzaji wa programu ya hesabu au ya mishahara. Yeye husema, "Programu yetu haifanyi kazi huko." Katika makala hii tutaeleza kwa nini husema hivyo, ni kitu gani kiliwageuza wakubwa waliosema hivyo kabla yake, na sisi yatupasa tufanye nini.

JAMBO HILI LAMHUSU NANI?

Mchuma chai wa Mulindi au Gisakura aweza kuuliza: mimi na kompyuta wapi na wapi? Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika kilo zake. Mchuma chai hulipwa kwa kilo alizochuma. Kilo hizo zikitoka kwenye mizani huandikwa, na maandishi hayo ndiyo yanayogeuka kuwa faranga mwisho wa mwezi. Mwenzake wa kiwandani Masoro, katika eneo maalumu la viwanda la Kigali, huandikiwa saa zake na saa za ziada. Mchango wa chama, akiba na mkopo wa ada za shule navyo huandikwa. Siku hizi sehemu kubwa ya maandishi hayo hukaa ndani ya programu za kompyuta, na ye yote anayeshika ufunguo wa programu hizo ameshika sehemu ya jasho letu.

Tutazame pensheni. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni katika Rwanda umepanda kutoka asilimia 6 ya mshahara hadi asilimia 12, nusu akilipa mfanyakazi na nusu mwajiri. Ili kupata pensheni ya kila mwezi uzeeni, mfanyakazi hutakiwa awe amechangia kwa miaka isiyopungua 15. Bodi ya Hifadhi ya Jamii, RSSB, inazo kumbukumbu zake, lakini siku ukizuka ubishi mfanyakazi hukimbilia hati za mwajiri na za chama chake. Basi hesabu ni hii: Windows 10 ilihudumiwa miaka 10, na pensheni yadai miaka 15. Kumbukumbu zinazofunguka kwa programu moja tu, juu ya mfumo mmoja tu, si za kutegemewa na mtu anayeelekea uzeeni.

PLAGI NA TUNDU LAKE

Kompyuta ina tabaka mbili za programu. Ya chini huitwa mfumo endeshi. Huo ndio unaoamsha mashine na kugawa kazi kwa kioo, kibodi na printa. Juu yake hukaa programu za kazi, kama ile ya mishahara. Windows ni mfumo endeshi. Linux pia ni mfumo endeshi.

Tuchukue mfano wa umeme. Hapa Rwanda matundu ya ukutani ni ya pini nyembamba za duara. Mtu akileta pasi kutoka Uganda, Kenya au Tanzania, hukuta plagi yake ina pini tatu nene za mraba, nayo haiingii. Pasi si mbovu na umeme upo. Kilichokosekana ni mapatano kati ya plagi na tundu. Programu ya kazi iliyotengenezwa kwa Windows peke yake ni kama pasi hiyo. Mtengenezaji angeweza kutoa yenye plagi ya pili, lakini hajaona sababu ya kujisumbua.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Maandishi yake ya ndani yako wazi. Mtu ye yote anaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha na kuwagawia wengine, na kwa sababu hiyo huitwa mfumo huria. Hailipiwi leseni, na aina zake nyepesi hufanya kazi vizuri katika kompyuta ambazo Windows 11 imezikataa. Wala si kitu cha majaribio. Kiini cha Android, mfumo unaoendesha simu nyingi mifukoni mwetu, ni Linux. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo katika orodha ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa kwa Linux.

Kwa hiyo tundu ni zima na umeme haukatiki. Tunachodai ni plagi.

KWA NINI MUUZAJI HUKATAA?

Tuwe waadilifu. Muuzaji anazo sababu zake, na anayetaka kumshawishi mtu huanza kwa kuzisikiliza.

Sababu ya kwanza ni idadi. Kuitengeneza programu upya kwa mfumo wa pili ni kazi ya miezi, tena hailipwi na mteja mmoja. Muuzaji huuliza: ninyi ni wangapi?

Sababu ya pili ni wingi wa aina za Linux. Ipo Ubuntu, ipo Debian, ipo Fedora na nyingine nyingi. Muuzaji huogopa kupigiwa simu na watu kumi wenye matatizo kumi yasiyofanana.

Sababu ya tatu ni hofu tu. Wako wauzaji wanaodhani kwamba wakikubali programu yao ikae juu ya mfumo huria, basi sheria itawalazimisha kuitoa programu yenyewe bure na kuyaweka wazi maandishi yake. Si kweli. Leseni ya Linux haikatazi programu ya kuuzwa, iliyofungwa, kufanya kazi juu yake. Kampuni ya Oracle inauza programu zake za kumbukumbu kwa fedha nyingi, nazo hufanya kazi juu ya Linux kila siku. Yafaa tulieleze hili mapema, maana muuzaji akidhani tunataka kumnyang'anya mali yake, mazungumzo yamekwisha kabla ya kuanza.

Sababu ya nne hawaisemi: hakuna anayewabana. Sisi wenyewe tulipata kumwandikia muuzaji mmoja wa programu ya hesabu. Akajibu kwa adabu kwamba hatujapata mteja mwingine aliyeuliza jambo hilo. Ofisi ya jirani nayo ilipoandika, ikajibiwa vilevile, kwamba yeye ndiye wa kwanza. Ndivyo ilivyo pale kila mmoja anapokwenda mlangoni peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

WAKUBWA WALIGEUKAJE?

Historia yatufundisha kwamba wauzaji wakubwa kuliko hawa waligeuka, na hawakugeuzwa kwa mahubiri.

Mwezi Julai 1998 kampuni mbili kubwa za programu za kuhifadhi kumbukumbu, Oracle na Informix, zilitangaza kwamba zitatoa programu zao kwa ajili ya Linux. Kabla ya hapo Linux ilihesabiwa kuwa mchezo wa wanafunzi. Wateja walikuwa wameidai kwa muda, tena kwa vikundi, na kampuni moja isingependa kuachwa nyuma na mwenzake. Somo hapa ni mawili: wateja walijulikana idadi yao, na wauzaji walikuwa washindani.

Microsoft ni mfano mkubwa zaidi. Mwaka 2001 mkuu wake wa wakati ule, Steve Ballmer, aliifananisha Linux na saratani. Mwaka 2014 mkuu aliyemfuata, Satya Nadella, alitangaza hadharani kwamba Microsoft inaipenda Linux. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilitoa SQL Server, programu yake ya kuhifadhi kumbukumbu, ifanye kazi juu ya Linux. Je, walipata mapenzi ya ghafla? Hasha. Walikuwa wameanza kukodisha nguvu za kompyuta kwa wateja kupitia intaneti, na wateja hao walitaka Linux. Fedha ilipokaa upande ule, saratani ikageuka kuwa rafiki.

Rwanda nayo imo katika historia hii. Kuanzia mwaka 2008 serikali ilianza kuzipeleka shuleni kompyuta ndogo za mpango wa One Laptop per Child, na kwa jumla zilizidi 200,000. Kompyuta hizo zilikuja na Linux. Mei 2008 Microsoft ilikubaliana na wenye mpango huo kuirekebisha Windows XP iweze kukaa katika mashine ndogo namna ile. Kampuni iliyozoea watu kuifuata ilifunga safari yenyewe kuzifuata kompyuta za watoto, kwa sababu serikali za nchi mbalimbali zilikuwa zikiagiza kwa maelfu. Mwenye kuagiza kwa maelfu ndiye anayechagua plagi.

Mfano wa lugha unafanana na huo. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandika barua na kupiga hesabu kwa Kiswahili. Haukupita muda mrefu Microsoft nayo ikatoa Kiswahili katika Windows na Office. Hatusemi kwamba sababu ilikuwa hiyo moja tu. Twasema kwamba mlango ambao mwingine amekwisha kuufungua, mwenye duka haupuuzi.

NA WALIOSHINDWA?

Tusijidanganye kwamba kila aliyejaribu alifaulu. Mwaka 2003 jiji la Munich, Ujerumani, liliamua kuhamia Linux. Steve Ballmer alisafiri mwenyewe kwenda kumwona meya, lakini jiji halikurudi nyuma. Kufikia mwaka 2013 lilikuwa limehamisha kompyuta karibu 15,000. Hata hivyo mwaka 2017 baraza la jiji lilipiga kura kurejea Windows. Sababu zilikuwa nyingi, na siasa ilikuwamo, lakini moja iliyosemwa mara kwa mara ni programu za kazi zilizokataa kukaa juu ya Linux. Baadhi ya watumishi walibaki na kompyuta mbili za mioyo miwili. Mwaka 2024 jimbo moja la Ujerumani, Schleswig-Holstein, lilitangaza kuhamisha kompyuta 30,000 za serikali. Safari hiyo bado inatazamwa.

Twajifunza nini? Anayehama bila kufunga mapatano na wauzaji wa programu za kazi huhama nusu, na nusu ya pili humrudisha alikotoka. Kwa hiyo mazungumzo na muuzaji ndiyo yatangulie, na kuhama kufuate.

Nguvu ya mazungumzo hayo hutokana na kuwa na njia nyingine. Mwajiri akijua kwamba wafanyakazi hawana pa kwenda, hasikii. Muuzaji naye ni hivyo hivyo. Katika sekta ya afya, nchi zetu zilipata njia nyingine mapema. OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kazi Eldoret, Kenya, mwaka 2006, na mwaka huohuo ikaanza Rwinkwavu, mashariki ya Rwanda. Mwaka 2012 Rwanda ilihamishia takwimu zake za afya katika DHIS2, programu huria iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo. Kwa vyama vya kuweka na kukopa ipo Fineract, programu huria ya hesabu za akiba na mikopo. Hatulazimiki kuichukua. Yatosha muuzaji ajue kwamba tunajua ipo.

MADAI YETU

Ndugu wafanyakazi, madai yasiyo na orodha ni malalamiko. Twapendekeza kila chama na kila ushirika udai mambo matano yafuatayo kabla ya kununua programu au kuongeza mkataba:

1. Programu ifanye kazi juu ya Linux, au ifunguliwe kwa kivinjari cha intaneti. Huduma nyingi za serikali ya Rwanda, kama zile za Irembo zilizoanza mwaka 2015, hufunguliwa kwa kivinjari, na kivinjari hakiulizi mfumo endeshi ni upi. Muuzaji akichagua njia hii ya pili, hahitaji kuijua Ubuntu wala Debian.

2. Tukubaliane juu ya aina moja tu ya Linux. Sisi tuchague moja, tuitaje kwa jina, na muuzaji aijaribu hiyo peke yake. Hofu yake ya simu kumi inakwisha.

3. Kumbukumbu zote za wanachama ziweze kutolewa nje ya programu, wakati wo wote, bila malipo, katika faili ya kawaida inayofunguka kwa programu nyingine. Dai hili tusiliache hata kama mengine yatakwama.

4. Huduma ya ufundi iandikwe katika mkataba. Ahadi ya mdomoni kwamba "itafanya kazi tu" haina msaada siku ya kulipa mishahara.

5. Tarehe itajwe. Dai lisilo na tarehe huzeeka pamoja na mdai.

Tusiombe maandishi ya ndani ya programu yake, wala tusiombe apunguze bei kwa kutuonea huruma. Anachouza ni chake, na tutamlipa. Twadai kitu kimoja, kwamba tunachokilipia kikae juu ya mashine tuliyoichagua sisi.

TUANZE WAPI?

Kazi ya kwanza ni kuhesabu. Kila ofisi iandike ina kompyuta ngapi, zinatumia mfumo gani, na ni programu zipi ambazo haiwezi kazi bila hizo. Mara nyingi orodha hiyo ni fupi kuliko tunavyodhani. Barua na majedwali yaweza kuandikwa kwa LibreOffice, ambayo ni huria. Huduma za intaneti hufunguka kwa kivinjari. Hubaki programu moja au mbili, ile ya hesabu na ile ya mishahara, na hizo ndizo za kupigania.

Kazi ya pili ni kuunganisha. Ofisi kumi zenye kompyuta tano tano ni kompyuta 50. Rwanda ina mirenge 416, na Umurenge SACCO zilianzishwa kwa mpango wa moja katika kila umurenge. Tukichukua hata sehemu ndogo ya vyama hivyo, muuzaji atakayesema kwamba hana wateja wa Linux hatakuwepo tena. Barua iwe moja, sahihi ziwe nyingi, na wapelekewe wauzaji zaidi ya mmoja siku moja, ili kila mmoja ajue kwamba mwenzake ameipata.

Kazi ya tatu ni kujaribu. Ofisi moja ijitolee kompyuta mbili, na muuzaji apewe miezi mitatu ya kujaribu programu yake hapo, huku kazi ya kila siku ikiendelea kwa njia ya zamani. Hapa Kigali wapo vijana wengi waliosomea kompyuta wanaoifahamu Linux. Tuwalipe kwa kazi hiyo kama tunavyodai sisi kulipwa kwa yetu.

Tunajua wapo watakaosema kwamba taabu yote hii ya nini, na programu za kunakili zauzwa kwa bei ya chupa ya soda. Tuwajibu waziwazi. Sheria ya Rwanda hulinda hakimiliki, na chama kinachodai waajiri wafuate sheria hakiwezi kuendesha hesabu zake kwa programu ya wizi. Tena anayetumia kopi ya wizi hana mkataba, na asiye na mkataba hana la kumdai muuzaji. Nakala zake zikiharibika, kilo za mchuma chai hupotea pamoja nazo.

Wapo pia watakaosema tungoje serikali au wafadhili. Haki ya mfanyakazi haiji kwa kungoja. Huja pale watu wanapokaa kitako, wakahesabu, wakaandika, wakatuma wajumbe, na wajumbe wakasema kauli moja. Mbele ya muuzaji wa programu utaratibu ni huohuo.

Basi shime, ndugu zetu. Katika mkutano ujao wa tawi, makatibu walete orodha ya kompyuta na ya programu. Wajumbe waulize swali hili moja: mkataba wa programu yetu ya hesabu unakwisha tarehe gani? Tarehe hiyo ndiyo siku yetu ya mazungumzo. Kabla haijafika, barua ya pamoja iwe imekwisha kutiwa sahihi.

Umoja ni nguvu.